Miiba ya Kikapu cha Sita

Mume wangu alizikwa Alhamisi ya pili ya Machi. Arobaini yake ilipopita, mdogo wake alikuja kuniambia kwamba ukoo umeamua anirithi. Nilimjibu kwamba ninao maksai wawili na jembe la kukokota, na kwamba mwanamke anayejilimia mwenyewe hana sababu ya kurithiwa. Alicheka. Akasema atasubiri maksai wachoke.

Hapo ndipo niliposhikilia ngitili yangu. Wasiolijua neno hili wafahamu kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote ili nyasi zikue, yafunguliwe wakati wa kiangazi ambapo kwingine pamebaki vumbi. Majirani wa upande wa Samuye walifungua mapema. Mimi nilikusudia kusubiri mwisho wa Septemba, ili maksai wafike kwenye mvua wakiwa na nguvu za kulima. Mlango wa uzio wa minyaa niliuziba kwa matawi ya miiba. Kwa desturi yetu, mwenyewe akiiondoa miiba hiyo na kukanyaga nyasi mbele ya ndugu wa mume, ngitili imefunguliwa, na ng'ombe wa ukoo wana haki ya kuingia pamoja na wake.

Sehemu ya juu ya shamba, palipokuwa na pamba, ilikuwa tupu. Jumamosi ya tatu ya Julai, mwalimu wa michezo wa shule ya jirani aliniomba asimike pale vikapu sita vya gofu ya visahani. Mchezo wenyewe ni rahisi: unarusha kisahani cha plastiki kutoka kikapu hiki kuelekea kile, na anayefikisha kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Vikapu alivitengeneza kwa ringi za baiskeli na minyororo yake, ambayo hunasa kisahani. Cha sita alikiweka karibu kabisa na uzio wa ngitili.

Nilisoma ukubwani, katika darasa la jioni, nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Kwa hiyo mwalimu alipotoa karatasi ya kanuni, niliichukua mimi na kuwasomea watu wote kwa sauti. Kanuni ya nne ilisema kwamba kisahani hurushwa tena kutoka pale kilipotua, na asiyetaka kukifuata huongezewa mrusho mmoja. Shemeji yangu, yule yule wa kunirithi, ambaye hasomi, aliniomba niirudie hiyo ya nne. Niliirudia kwa furaha.

Tulicheza Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya ibada, mimi na yeye, watu wakitazama.

“Mwangaluka, shemeji,” alinisalimu kwa Kisukuma. “Umevaa viatu vya kanisani. Unakwenda kuolewa?”

“Mwangaluka. Ningekuwa nakwenda kuolewa ningekualika ukashike miguu ya mbuzi.”

Kwetu shemeji ni mtani, na utani haukasirikiwi. Anayekasirika ameshindwa. Kwenye kikapu cha tatu kisahani changu kilipita mbali, naye akasema, akihakikisha kila mtu anasikia, “Punguza nguvu, mama. Hivyo hivyo ndivyo ulivyommaliza kaka yangu.”

Wanawake waliziba midomo kwa khanga. Nilisubiri wanyamaze.

“Kaka yako alichoshwa na kazi. Wewe utachoshwa na nini, nawe hujaianza?”

Walicheka zaidi kwa langu. Yeye pia alicheka, na hilo lingepaswa kunitia shaka.

Tulifika kikapu cha sita tukiwa sawa. Alirusha yeye kwanza, akahitaji mirusho mitatu. Wangu wa kwanza ulichukuliwa na upepo, ukavuka minyaa na kutumbukia ndani ya ngitili.

“Basi ongeza mmoja, shemeji,” alisema kwa upole. “Kanuni ya nne. Mwanamke mwenye umri wako haingii kwenye nyasi.”

Niliondoa miiba kwa mikono yangu. Niliingia, nyasi zikinifika kiunoni, nikakiona kisahani, nikasimama pale kilipotua na kurusha juu ya uzio. Nilisikia minyororo ikilia kabla ya kusikia watu. Mirusho miwili. Nilikuwa nimemshinda, na nilitoka nikiwa nimeinua kichwa.

Shemeji yangu hakuwa akitazama kikapu. Alikuwa akitazama mlango.

“Jamani, mmeona wote,” alisema. “Mwenye ngitili amefungua ngitili.”

“Mzee, alikuwa anafuata kisahani,” mwalimu alisema.

“Mwalimu, wewe angalia visahani. Mimi nimeona miiba iko pembeni na mwenyewe yuko ndani.”

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji jioni ile ile. Alinipa kigoda, akaniuliza nani aliyeondoa miiba. Nikasema mimi. Akauliza kama nililazimishwa. Nikasema hapana. Aliniuliza pia, kwa sauti ya kunihurumia, kama ni kweli nilishinda.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wa shemeji waliingia, pamoja na wa binamu zake wa Didia. Kabla Agosti haijaisha, ngitili ilikuwa sawa na barabara. Niliwalisha maksai mabua, kisha nyasi kuukuu za paa la jirani, kisha maneno. Mkubwa alianguka Jumanne ya mwisho ya Oktoba. Shemeji alikuja na kisu chake, kama haki yake ilivyo, akachukua mguu wa nyuma.

“Pole, shemeji. Huyu naye umemmaliza.”

Utani haukasirikiwi. Nilicheka, nikamfungia nyama.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Novemba. Mwalimu alikuwa ameshang'oa vikapu ili nilime. Alfajiri shemeji alisimama pembeni mwa shamba akiwa na maksai wake mmoja na nira begani.

“Wako mmoja, wangu mmoja,” alisema. “Jembe moja halivutwi na mmoja, mama.”

Nilimfungulia maksai wangu aliyebaki akatafute majani mabichi. Nikachukua jembe la mkono na kuanza kulima pale kilipokuwa kikapu cha sita. Alikaa juu ya nira yake, akanitazama mpaka jua likawa kali, akinihesabia makosa kwa sauti.