Magimbi Yaliyong'olewa

Kabla sijaeleza nilivyokosea, nieleze kwanza jinsi nilivyokuwa nikizitazama nyumba, kwa sababu hapa Lushoto watu wengi walinijua kwa hilo.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi wa vikao katika ofisi ya kata. Niliandika nani kasema nini, na mengi yaliyoletwa pale yalikuwa magomvi ya nyumba. Mtu amenunua wakati wa jua, mvua imekuja, ukuta umefunguka, sasa anataka aliyemuuzia aichukue nyumba yake. Nikiandika maneno yao nilikuwa nikijiuliza: siku ya kwanza, mtu huyu alisimama wapi asiione hii? Jioni nikitoka kazini nilipitia nyumba zilizogombaniwa, nikazizunguka kwa macho tu. Nikajifunza. Baadaye watu wakaanza kunifuata nyumbani: "Dada, twende ukanitazamie."

Nilikuwa na utaratibu. Naanza nje, upande wa mlimani, maana nyumba zetu nyingi zimekatiwa kwenye mteremko na ubaya wake huanzia mgongoni. Natazama maji ya paa yanaangukia wapi. Ndani napiga ukuta kwa funguo, kuanzia usawa wa magoti kwenda juu, nisikie panapolia patupu. Nainama kutazama miguu ya makabati. Mwisho nauliza nani analala chumba kipi. Swali hilo wengine waliliona la umbea, lakini ndilo lililonisaidia zaidi. Ukuta utaufunika kwa rangi. Watu wa nyumbani hawatalala penye maji ili kumfurahisha mnunuzi.

Muuguzi aliyehamia kutoka Tanga mjini alinifuata mwezi wa pili, jua likiwa kali. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mwenye kusikiliza mpaka umalize. Alikuwa akiishi nyumba ya kupanga na mama yake mzee, ambaye kifua kilimsumbua na magoti yalikataa ngazi. Alitaka nyumba yenye chumba cha mama kisicho na ngazi, karibu na choo. Alikuwa amepata moja.

"Nimeambiwa mwenye nyumba ni mjomba wako," alisema. "Ndiyo maana nimefurahi. Wewe utaniambia ukweli."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Ningemwambia atafute mtu mwingine, kwa sababu mjomba yule ndiye aliyenilea tangu baba afariki, na mtu hawezi kukagua nyumba ya aliyemlea. Sikusema. Kule kuaminiwa kulinipendeza.

Mjomba alikuwa anahamia Mazinde, kwa binti yake mwenye duka kando ya barabara kuu. Baridi ya milimani ilikuwa imemshinda. Alikuwa akikohoa asubuhi nzima, na alikuwa ameshafunga nusu ya vyombo vyake. Nyumba isipouzwa kabla ya masika, angekaa msimu mwingine wa mvua, na sote tulijua asingeumaliza salama.

Tulipofika nilianza nje, kama kawaida yangu. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na ukingo wa mlima, udongo ulikuwa umetifuliwa na kusawazishwa kwa reki. Niliyahesabu kwa macho: mashimo kumi na mawili yaliyofukiwa, mstari mmoja, kutoka kona hadi kona. Hapo palikuwa na magimbi. Nimeyala tangu utotoni. Magimbi hayasitawi penye ukavu, na yale yalikuwa ya kijani hata mwezi wa pili, wakati majani mengine yote yamenyauka. Mjomba alikuwa ameyang'oa.

Ndani, chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Nyumba ilikuwa na watu saba, watoto wanalala wanne kitanda kimoja, na chumba kizima kimekaa bila hata gunia la mbegu ya viazi. Muuguzi alisimama katikati, akanyoosha mikono kupima.

"Kitanda cha mama hapa," alisema. "Na dirisha anaona njia. Unakionaje, dada?"

Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Mjomba alikuwa mlangoni, ameshika fremu.

"Ni kikubwa," nilisema.

Sikuupiga ukuta.

Siku ya kuandikiana tulikaa sebuleni. Walikuwepo mwenyekiti wa mtaa, jirani wa mpaka wa juu, ambaye ni bibi mwenye mdomo mwepesi, jirani wa mpaka wa chini, mjomba na mkewe, muuguzi, na mimi. Mkataba niliuandika kwa mkono wangu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Niliandika: Mnunuzi ameikagua nyumba na ameridhika nayo kama ilivyo.

Kabla ya kusaini, mjomba aliomba kusema neno. Alisema kwa Kishambaa, akitazama kikombe chake cha chai. Alisema upesi, lakini kila aliyejua lugha alisikia. Alisema kwamba chumba cha nyuma kinapanda maji wakati wa masika, kwamba maji yanatoka chini ya sakafu upande wa mlimani, na kwamba anayasema haya mbele ya majirani wa mipaka ili kesho mtu asije akasema alificha. Kisha akasema, "Nimeshasema. Mpwa wangu amweleze mgeni."

Kwetu, jambo likishasemwa mbele ya majirani wa mipaka limesemwa. Muuguzi hakujua Kishambaa hata cha kusalimia. Alinigeukia.

"Mzee anasemaje?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi, nikitafuta mahali nilipoteleza, kama nilivyokuwa nikitafuta katika nyumba za watu. Sikuteleza. Niliwaza. Niliwaza kwamba aliyeng'oa magimbi hataki jambo hili lijulikane, na kwamba ametamka kwa Kishambaa ili kuiridhisha nafsi yake tu. Niliwaza kifua chake. Mama wa muuguzi naye alikuwa na kifua, na huyo sikumuwaza.

"Anasema anakukabidhi nyumba kwa roho safi," nilisema.

Mjomba anajua Kiswahili vizuri kama mimi. Alinisikia. Aliinua kikombe, akanywa, akakiweka chini, na hakunisahihisha.

Jirani wa juu alidhani nimeeleza yote. Akaropoka kwa Kishambaa, "Na yule mama mzee ndiye atakayelala kule? Basi na wanunue bata kabisa!" Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka, huku akitikisa kichwa. Muuguzi akacheka nao kwa heshima, kama anavyocheka mgeni anayetaka kuwa mwenyeji.

"Na bibi je?"

"Anasema mtaizoea baridi."

Akasaini. Nami nikasaini, kama shahidi.

Mvua za masika zilipoanza nilikuwa naamka na kuzisikiliza juu ya bati. Wiki ya pili muuguzi alipiga simu. "Dada, njoo uone kitu." Nilikwenda na daftari, maana ndivyo nilivyozoea, na sikujua nitaiweka wapi mikono yangu.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu ameikunja chini ya khanga. Nilimpa shikamoo. Alinipokea kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuiona nyumba yetu inavyotoka jasho?"

Maji hayakuwa yakitiririka. Yalikuwa yakipanda polepole kwenye nyufa za sakafu, upande wa mlimani, na plasta mpya ilikuwa imevimba hadi usawa wa magoti. Mkeka ulikuwa umeloa. Mama alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Andika unavyoona," muuguzi aliniambia. "Wewe unajua kuandika. Nataka nimpelekee mzee Mazinde, kwa upole, huenda hakujua."

Niliandika. Kona ya mlimani, sakafu imeloa. Plasta imeachana na tofali. Miguu miwili ya kitanda imewekwa juu ya matofali. Niliandika kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza, mwandiko umenyooka. Kati ya yote niliyoyaandika maishani, ukurasa ule ndio ambao nisingependa mtu ausome.

Muuguzi aliujua ukweli siku ya tatu. Alimweleza jirani wa juu shida yake, na bibi akashangaa. "Lakini mama, si tuliambiwa wote siku ile? Mzee alisema, mpwa wake akakueleza. Mimi nikatania bata, na wewe ukacheka!"

Muuguzi hakunipigia simu. Alikwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akatuita wote ofisini kwake. Mjomba alipanda kutoka Mazinde, amevaa koti zito. Kwenye benchi nilikaa kati yake na ukuta.

"Mzee, ulimwambia mnunuzi?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilisema mbele yenu. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na mimi nina kosa langu, kwa sababu nilisikia maneno mengi ya Kishambaa na machache ya Kiswahili, nisiulize." Akanigeukia. "Dada, ulimtafsiria nini?"

Muuguzi alikuwa ananitazama. Katika uso wake hapakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri siku zote mpaka mtu amalize.

Nilisema. Niliyataja maneno yale kama nilivyoyatamka, yote mawili, la roho safi na la baridi. Kisha nikasema kuhusu magimbi, ambayo hakuna aliyeyauliza. Mjomba aliinamisha kichwa. Bibi wa juu alisema taratibu, kwa Kiswahili safari hii, "Mimi nilimcheka mtu mzima mwenzangu." Akafunika mdomo kwa khanga.

Muuguzi aliuliza swali moja tu. "Angekuwa mama yako ndiye anayelala pale, ungesema vile?"



Hakudai kurudisha nyumba. Alisema mama hawezi kuhamishwa tena. Tulikubaliana kwamba mtaro uchimbwe nyuma ya nyumba na sakafu ya chumba ivunjwe na kuinuliwa, na kwamba hadi itakapokauka mama alale sebuleni. Mjomba alitaka kuchimba mwenyewe. Alipiga jembe mara tano, akakaa chini, akahema. Nikalipokea. Nilichimba siku nne na vijana wawili wa kibarua, na katika udongo tulikuta vipande vya magimbi vilivyobaki, vimeshachipua.

Mjomba alirudi Mazinde. Tunasalimiana. Siku ile hatujawahi kuizungumza, na nadhani tunaogopa kugundua ni nani kati yetu aliyetaka zaidi nikae kimya.

Watu hawaniiti tena kutazama nyumba. Hakuna aliyetangaza, waliacha tu.

Muuguzi bado anakaa pale. Mama yake amerudi chumbani kwake, na kando ya mtaro wamepanda magimbi upya. Tangu masika yale muuguzi amejifunza Kishambaa, tena vizuri. Namsikia sokoni asubuhi, akipita kwenye mstari wa akina mama wenye mboga. "Onga makeo," anamsalimu wa kwanza, anaulizia watoto, anatania, anajibiwa, anacheka kabla ya wengine. Anasogea kwa wa pili, kwa wa tatu. Kisha ananifikia mimi, nimesimama na kikapu changu.

"Habari za asubuhi, dada."

Zamani kidogo nilijaribu kumjibu kwa Kishambaa. Alinisubiri nimalize, akatabasamu kwa adabu, akanirudia kwa Kiswahili, polepole, kila neno peke yake, kama anavyosemeshwa mgonjwa ambaye lazima aelewe.

"Nzuri," namjibu siku hizi. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."