Majani Ambayo Hayajawa Dawa

Kazini walimwita Bi Mapera, kwa sababu kila asubuhi aliingia maabara na fuko la majani ya mpera. Aliyaosha, akayakatakata, akayachemsha kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, akachuja. Mchuzi ule aliumimina taratibu kwenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya fedha, kisha akakaa kuutazama ukigeuka: kwanza rangi ya asali, baadaye rangi ya chai iliyokolea. Hapo alijua chembe za fedha zimezaliwa, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya pale haikuziona.

Zamani kazi hiyohiyo ilifanywa kwa kemikali kali. Fundi aliyemtangulia aliambiwa hazina neno. Alistaafu na kifua kibovu, hapandi ngazi bila kupumzika katikati. Sasa maabara ilinuka kama jiko, naye Bi Mapera akashukuru.

“Dada anapika fedha,” mdogo wake, fundi viatu, alipenda kuwaambia wageni, “ila nauli anakopa kwangu!” Mama yao alicheka hadi akashika mbavu.

Kicheko kiliisha na kidonda. Mama alikuwa na kisukari, na viatu vipya alivyoshonewa na mwanawe vilimchubua kidole. Mchubuko haukufunga. Hospitali wakampa sindano, wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena. Kidonda kikazidi kula kuelekea kisiginoni. Chumba chake kikashika harufu ambayo dirisha wazi halikuiondoa. Fundi viatu akawa haingii humo ila akiitwa, na hata hapo alisimama mlangoni.

Siku moja Bi Mapera alichukua kipande cha bendeji chafu, akaotesha vijidudu vyake kwenye kisahani maabarani, akadondosha tone la maji yake ya fedha. Kesho yake, kulizunguka tone lile, palikuwa peupe. Vijidudu vilikuwa vimekufa. Kosa lake lilikuwa kulisimulia jambo hilo nyumbani.

“Basi ilete hiyo dawa,” mama alisema.

“Si dawa, mama. Bado.”

“Majani ya mpera si dawa? Bibi yako alituchemshia tukiharisha. Nani alikufa?”

“Majani peke yake hayana shida. Humu kuna fedha. Kwenye kisahani kimoja imeua vijidudu, kwenye kisahani cha pili imeua na chembe hai za ngozi. Kipimo chake hakuna anayekijua.”

“Mimi niwe kisahani cha tatu,” mama akasema. “Jaribu.”

Mlangoni mdogo wake akaguna. “Mguu unaoza, dada, wewe unahubiri vipimo. Wanasema mganga hajigangi. Hawakusema asimgange mamaye.”

Bi Mapera alimweleza mkuu wa maabara. Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Ukimpaka akapona, hatutajua kwa nini. Ukimpaka akafa, tutajua.”

Hata hivyo jioni ile Bi Mapera alitoka na kichupa cha maji ya fedha ndani ya mkoba. Alimkuta mama amesinzia, mguu nje ya shuka. Alikitoa kichupa, akakifungua, akainama. Mara akamkumbuka fundi aliyemtangulia, amesimama katikati ya ngazi akitafuta pumzi. Huyo naye aliambiwa kemikali zake hazina neno. Akakifunga kichupa, akakirudisha mkobani, akaenda kuketi uani peke yake.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mdogo wake hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimwita “mtaalamu” badala ya dada, na ujumbe wowote akautuma kupitia kwa mkewe. Mama alirudi nyumbani amepungua, si mguu tu. Bi Mapera ndiye aliyemsafisha kila asubuhi kabla ya kwenda kuchemsha majani.

“Ile dawa yako,” mama alimuuliza asubuhi moja, macho darini. “Ingeniponya?”

“Sijui, mama.”

“Hujui.”

“Sijui kweli.”

Mama akamgeukia. “Ungesema tu isingefaa kitu. Ungenidanganya, mwanangu, nami nikapata usingizi.”

Bi Mapera akafungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, mepesi, na kila mtoto angeyasema. Hayakutoka. Akaendelea kuzungusha bendeji safi, na mama akageuza uso ukutani.