Siku Tuliyomwombea Baba Msamaha wa Kodi

Baba yangu alirudi kutoka vita vya Kagera bila mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Sie wanawe tulizaliwa baadaye, hatukumjua akiwa na miguu miwili. Asubuhi tulikuwa tukigombania nani ampelekee mguu wake wa bandia kitandani. Nyumba yetu ya Madale aliijenga taratibu, akifyatua matofali huku amekalia kigoda, enzi hizo mlimani kukiwa na vichaka vitupu na maji tukiyafuata bondeni. Hata leo nikisikia harufu ya saruji mbichi, namwona yeye.

Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa tukinunua umeme wa luku, nilisikia kwamba mwenye ulemavu anaweza kuomba msamaha kwa nyumba anayoishi. Nikamweleza. Alikasirika.

"Mie mlemavu? Nimejenga, nimewasomesha. Mlemavu gani huyo?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchicha, alimjibu bila kuinua uso. "Mguu umeuacha vitani, na kodi miaka yote umelipa. Leo ukipumzishwa kidogo unaona aibu?"

Baba alinuna siku mbili. Ya tatu alivaa suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akaniambia twende.

Katika ofisi ya serikali ya mtaa tulimkuta mtendaji, binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akaanza kujaza fomu.

"Ulemavu ulipatikanaje, mzee?"

Nilidhani atasema "vitani" na kuishia hapo, maana nyumbani ndivyo alivyotujibu siku zote. Badala yake alivua kofia, akaipakata. Alieleza bomu lililotegwa ardhini, na mwenzake aliyembeba mgongoni tangu asubuhi hadi jua linazama, akimsemesha asipoteze fahamu. Wiki mbili baadaye mwenzake huyo aliuawa. Mtendaji aliweka kalamu chini. Mie nilitazama sakafu, machozi yakinitoka.

"Pole sana, babu," mtendaji alisema mwishowe. "Sasa niandike nini?"

"Andika mguu," baba alisema. "Hayo mengine hayataenea hapo."

Majibu yalichukua miezi, lakini msamaha ulikubaliwa. Baba aliisoma barua mara mbili, akampa mama aiweke pamoja na hati ya kiwanja.

Sasa baba hayupo. Nikimkumbuka, mara nyingi narudi kwenye ile safari ya kutoka ofisini. Alinunua mahindi mawili ya kuchoma, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro kandokando ya barabara. Bila kuulizwa, akanisimulia yeye na yule mwenzake walivyosonga ugali vitani kwenye kofia ya chuma, ukaungua, wakagombania ukoko. Alicheka mpaka akapaliwa. Nikawa nampigapiga mgongoni, naye anacheka tu, na wapita njia wanatushangaa.