Nilivyokula Ndani ya Barakoa

Mama mkwe wangu aliteremka kutoka kijijini kwake Bugeshi kuja kulala usiku mmoja. Alileta gunia la viazi, fungu la vitunguu vya majani na habari za ng'ombe wake, ambaye kwa maelezo yake ana akili kuliko mashemeji zangu wote. Jioni ile ile redio ikatangaza kwamba kwa sababu ya korona kila mtu abaki pale alipo. Mke wangu akanitazama. Mimi nikalitazama gunia, nikaona viazi vitatutosha kwa muda. Nilichosahau ni kwamba viazi sharti viliwe, na kwenye kula ndiko kulikokuwa na kasheshe.

Nieleze kwanza, maana kuna watakaocheka. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama wa mkewe, na mama huyo naye hali mbele ya mkwe. Si ugomvi, ni heshima. Wenzangu wengi hapa mjini Gisenyi wameshaiacha desturi hiyo, wanakaa meza moja na mama wakwe zao na kugombea paja la kuku. Mimi sikuweza. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi nchini kijana mzima nikiwa na Kinyarwanda cha kuombea maji tu. Posa yangu ilipofika kwao, mama huyu aliuliza swali moja: huyo mtoto wa Tanzania amelelewa au ameokotwa? Tangu siku ile nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa vitendo, na jibu langu kubwa lilikuwa kwamba hajawahi kuniona nikitia kitu kinywani. Shamba sina, duka sina. Heshima hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kwake, na niliilinda kwa wivu.

Zamani ilikuwa rahisi. Nafundisha Kiswahili shule ya sekondari. Alipokuja kututembelea nilitoka alfajiri, nikala shuleni, nikarudi jioni nimeshiba na adabu zangu zote mahali pake. Watu wakanisifu kwa kujizuia, nami nikazipokea sifa bila kutaja sahani za shuleni. Sasa shule ilifungwa. Mke wangu anauza mboga sokoni, na wauza vyakula waliruhusiwa kutoka, kwa hiyo yeye aliondoka na giza na kurudi jua likizama, akilalamika kwamba barrière ya mpakani imefungwa na wateja wake wa Goma wamebaki ng'ambo wakitazama karoti zetu kwa mbali. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe, na binti yetu wa miaka minne.

Nyumba yenyewe ni sebule na vyumba viwili, jiko liko uani. Mchana kutwa mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mahali ambapo aliona mlango wa nyumba, geti, choo na mti wa parachichi bila kugeuza shingo. Forodha yetu yote haina ofisa mwenye jicho lile. Alipochoka aliingia kujilaza katika chumba cha mtoto, na chumba hicho kimetenganishwa na sebule kwa pazia. Pazia, basi, tena la kitambaa chepesi ambacho mimi mwenyewe nilikichagua kwa ubahili. Akiwa nje, siwezi kula nje. Akiwa ndani, nikitafuna sebuleni anasikia mpaka mwiba wa samaki.

"We, umekula?" mke wangu aliniuliza jioni ya kwanza, kwa sauti ya chini.

"Nimekula nini, na wapi? Mama yako yuko kila mahali."

"Donc ungoje alale."

"Akilala, nusu yake inakoroma na nusu yake inasikiliza."

"Yewe, usimutukane mama yangu. Vumilia."

Ni rahisi sana kumwambia mwenzako avumilie ukiwa umetoka sokoni na midomo inang'aa mafuta ya sambusa.

Nikavumilia. Nilijifunza mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Nilijifunza kwamba kiazi kilichochemshwa kinaingia mfuko wa suruali bila kuvimba sana, ila kikiwa cha moto unatembea kwa namna ya kutia mashaka. Nilijifunza kwamba ndizi mbivu ndiyo rafiki wa kweli, haina mlio. Karanga ni msaliti. Nilikula nyuma ya choo, nikala nimejifunika shuka, nikala nikijifanya natafuta kitabu chini ya kitanda. Mtu wa shahada, mwenye kusahihisha insha za watu, nimelala kifudifudi kwenye vumbi na kipande cha muhogo mdomoni.

Kisha ikaja amri ya barakoa, na mimi nikamshukuru Mungu kuliko waganga wote. Mke wangu alileta za kitenge, pana, zenye nafasi. Siku hiyo hiyo nikagundua kwamba barakoa inaficha utafunaji. Unaweka kiazi shavuni, unavaa, unakaa sebuleni ukisoma, na taya linafanya kazi yake taratibu bila mtu kujua. Nilikula mbele ya mama mkwe mchana kweupe, ananisimulia habari za ng'ombe, nami naitikia kwa kichwa. Wengine ilikuwa inawakinga na korona, mimi ilinikinga na njaa. Yeye naye alivutiwa. Nilimsikia akimwambia mwanawe, "Mukwe wangu anaheshimu serikali sana. Hata ndani ya nyumba anavaa." Nikajiona nimepanda cheo.

Kupika nako kulikuwa kwangu, na hilo lilikuwa siri ndani ya siri, maana mkwe anayekoroga chungu ni aibu nyingine ya peke yake. Asubuhi mama mkwe alifuata sala kwenye redio chumbani. Sala zikianza, mimi niko jikoni napuliza mkaa. Zikifika amina, niko sebuleni na kitabu, macho yananiwasha kwa moshi. Akiuliza, nasema mwanawe ameacha chungu kwenye makaa. Alikuwa anaitikia tu, "Bon." Mchana namtuma binti yangu apeleke sahani ya bibi nyuma ya pazia, maharage na viazi, au sombe, yaani kisamvu, siku za neema. Sahani ilirudi safi kabisa. Nami nikajisifu moyoni: mama amekula, mkwe ameheshimu, nyumba inakwenda.

Katika nyumba ile aliyekuwa ananenepa ni mmoja. Binti yetu, ambaye hana mama mkwe, alikuwa na mashavu kama maandazi. Nilidhani ni hewa ya nyumbani.

Asubuhi moja, mke wangu akiwa sokoni, mama mkwe aliinuka kwenye kigoda ili afukuze kuku wa jirani. Alipiga hatua, akasimama, akashika hewa, akaanguka. Nilikuwa mlangoni. Nikaruka, nikamkuta amefumba macho na kitambaa cha kichwa kimetoka. Nilipomwinua ndipo nilipoogopa. Mwanamke yule niliyemjua mzito kama gunia lake la viazi alikuwa mwepesi mikononi mwangu. Sikuwaza desturi wala heshima, niliwaza tu kwamba mama wa mke wangu anafia mikononi mwangu na mke wangu hayupo.

Binti yangu akatoka mbio mpaka getini akipiga kelele, "Bibi amekufa! Bibi amekufa!"

Siku zile hukuhitaji kufa. Kupiga chafya tu kulitosha kukuletea wageni. Kabla sijamlaza vizuri kwenye mkeka, mshauri wa afya wa mtaa wetu alikuwa amesimama getini. Ni jirani yetu. Kabla ya korona alikuwa akinisimamisha njiani kuuliza kwa nini mwanawe amefeli insha. Sasa alikuwa na fulana ya rangi kali, simu mkononi na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola, na akanielekezea mimi kwanza.

"Mutu asitoke hapa," akasema. "Hata mumoja. Wote mubaki ndani ya uwanja."

Mama mkwe alikuwa amefumbua macho. "Mi siko mugonjwa," akasema kwa sauti ndogo. "Niko tu na kizunguzungu."

Mshauri akampima. Joto halikuwepo, lakini hakuridhika. Alinieleza, akiwa ameweka kidole tayari kwenye simu, kwamba akiona dalili nyingine anaita gari, na mama atapelekwa mahali pa kutengwa mpaka majibu yatoke. Nikamtazama yule mama mzee, ambaye hata chumba cha mjukuu wake kilikuwa kinamtia haya. Akapelekwe kulala na watu asiowajua, ashike sahani mbele ya wanaume wa mtaa mzima? Asingekula huko kabisa. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Angerudi kwetu ndani ya jeneza.

"Anakula?" mshauri akauliza.

"Vizuri sana," nikajibu haraka. "Sahani zinarudi tupu."

"Mi ndiye nakulaka ya bibi," akasema binti yangu.

Tukamgeukia wote. Naye, kwa kuona amepata wasikilizaji, akaendelea. Bibi anasema hawezi kula, baba iko hapo kwa pazia, atasikia. Bibi anakula kidogo usiku kama baba amelala. Ingine ananipa mi.

Kumbe. Mimi huku najificha yeye asinione, na yeye huko amekaa na sahani mapajani, anasikiliza mimi ninavyofungua kurasa, anangoja nitoke. Nami sikutoka. Ningetoka kwenda wapi? Tulikuwa tumezingirana kwa adabu, na kila mmoja alikuwa karibu amuue mwenzake kwa heshima. Nilitaka kulia, na wakati huo huo nilitaka kumziba mtoto mdomo, kwa sababu nilimjua, hakuwa amemaliza.

"Na baba," akasema, "anakulaka ndani ya barakoa."

Kuku wa jirani ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Mama mkwe aliitazama barakoa yangu, na bahati mbaya siku hiyo kilikuwemo kiazi.

"Bon," akasema mshauri, ambaye lazima nimshukuru kwa kutocheka. "Mama, korona inaondoa harufu na ladha. Donc leta chakula, ale hapa nione. Kama anasikia ladha, siiti gari."

"Hapa?" akauliza mama mkwe. "Mukwe iko hapa."

"Basi nitoke nje," nikasema.

"Nimesema mutu asitoke."

"Niingie ndani."

"Ndani ndipo alikuwa analala. Usiingie kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mwalimu wa watu, nimesimama uso kwa ukuta kama mtoro. Ni ukuta wa mawe meusi ya volkano, nilikuwa sijawahi kuutazama kwa karibu kiasi hicho. Nyuma yangu nilimsikia mshauri akifunua chungu na kumpakulia, lakini kijiko hakikugusa sahani. Nikaomba kwa Kinyarwanda changu kibovu. Mana yanjye, Mungu wangu, ale tu. Anione nikila ng'ombe mzima nikiwa mtupu sokoni, sijali tena, lakini ale.

Kisha nikamsikia akitafuna. Taratibu, halafu haraka, halafu kwa njaa ya wazi, kijiko kikigonga sahani. Miaka yote sikuwahi kusikia sauti ile.

"Unasikia ladha?" akauliza mshauri.

"Ladha gani?" mama mkwe akajibu. Nikaushika ukuta kwa mikono miwili. "Hii maharage iko bila chumvi. Toka nilifika hapa iko bila chumvi. Mwanangu hawezi kupika hivi. Mi nilijua zamani ni mukwe anapika, nilinyamaza tu juu ya kuona haya."

Mshauri akaweka simu mfukoni. Alisema mgonjwa wa korona hawezi kusema maneno kama hayo, kisha akaniagiza, akiuzungumzia mgongo wangu, ninunue chumvi.

Nilibaki nimeutazama ukuta. Sikujua nigeuke vipi. Uso ulikuwa unaniwaka, machozi yalikuwa yanaloanisha barakoa na kile kiazi kilichomo. Nikasikia kigoda kikiburutwa chini, polepole, na pumzi za mtu mwenye kizunguzungu.

"Geuka," akasema mama mkwe.

Nikageuka. Alikuwa amehamisha kigoda chake na kukaa akiwa amenipa mgongo, magoti yake yanagusa ukuta wa jiko, kitambaa cha kichwa amekifunga upya. Chungu alikuwa amekisogeza upande wangu.

"Sasa we ukule," akasema. "Toa hiyo kitu kwa kinywa, ukule kama mutu. Mi naangalia ukuta."

Mshauri wa afya naye akageuka kutazama barabara, sijui kwa adabu au kwa kutaka kucheka. Nikavua barakoa. Nikakaa chini na chungu mapajani, nikala maharage yangu yasiyo na chumvi kwa mkono, mbele ya mgongo wa mama wa mke wangu, nikitafuna kwa sauti na kulia bila haya yoyote. Kila niliponyamaza kidogo kuvuta pumzi, yeye aliuliza bila kugeuka, "Umeshiba?"

"Bado, mama."

"Ukule," akasema. Na akaendelea kuutazama ukuta.