Beji ya Upishi Niliyonyimwa Isecheno

Enzi zetu za skauti, beji haikununuliwa dukani pamoja na sare. Uliitolea jasho. Nasema haya kwa kujivunia, mimi niliyezaliwa katikati ya miwa ya Shianda, nikaenda ng'ambo mikono mitupu, nikarudi Kakamega na diploma ya upishi, na leo nina hoteli yangu mwenyewe, ya orofa mbili. Sikubebwa na mtu. Ila Mwalimu Andayi, kiongozi wetu wa skauti, huyo lazima nimtaje.

Wa rika langu mtakumbuka zile Ijumaa: skafu imepigwa pasi ya makaa, soksi zimevutwa hadi magotini na kushikwa na vipande vya tyubu ya baiskeli. Ulianza kwa kiapo, ukaja mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, kisha upishi. Bila beji ya upishi hukuweza kuwa kiongozi wa patroli, na uongozi huo niliutaka kuliko chakula. Siku ya gwaride, mzazi wako ndiye aliyekushonea beji kwenye mkono wa shati, mbele ya shule nzima, kwa sindano yake na uzi wake.

Mtihani ulifanyika kambini Isecheno, pembeni mwa msitu. Ulipewa njiti mbili za kiberiti, ukaokota kuni mwenyewe, ukapika obusuma, ugali wetu, wa kumshibisha mtu mmoja. Nilijiona mjanja. Kwetu moto huwashwa kwa majani makavu ya miwa, basi nikabeba gunia zima kutoka nyumbani. Njiti ya kwanza, moto ukaruka hadi usawa wa kifua. Nikawacheka wenzangu. Kabla sijamaliza kucheka, ukazima. Kuni za msituni, zilizonyeshewa kila alasiri, hazikushika hata kidogo. Njiti ya pili ikaenda vivyo hivyo.

"Watu wa Shianda," akasema Shivachi, mvulana wa hapo Isecheno, "kwenu mnakulanga moshi?"

Mwalimu akatia kidole kwenye sufuria yangu. Maji yalikuwa baridi. Akaandika neno moja kwenye kadi: Bado.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Siku ya gwaride akafika na kitambaa chake cha kanisani kichwani, sindano imetungwa uzi tayari. Majina yakaitwa, langu halikuitwa. Mama akaichomeka sindano kwenye pindo la leso yake, akasema, "Twende nyumbani, baba. Shati halina haraka."

Nikameza kiburi, nikamfuata Shivachi. Alinifundisha kupasua ukuni uliolowa na kuchonga moyo wake, maana ndani hubaki mkavu. Alitaka miwa mitatu kwa kazi hiyo, akaitafuna yote mbele yangu. Mwezi uliofuata Mwalimu aliacha shughuli zake za Jumamosi, akaendesha baiskeli hadi Isecheno kwa ajili yangu peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha. Njiti moja ilitosha. Alikula obusuma wangu hadi tonge la mwisho, kisha akatia sahihi. Mama alinishonea beji uani kwetu, kuku wakitutazama, na muhula uliofuata nilikuwa kiongozi wa patroli.

Juzi nilimpelekea Mwalimu, sasa mstaafu, ingokho, kuku mnono wa kumshukuru. Akaniambia nisilolijua: "Jina lako nilikuwa nimeliandika kwenye orodha, kwa sababu nilijua mama yako atakuja. Asubuhi ya gwaride nikalifuta. Siku hiyo hata chai ilinishinda."

Mpwa wangu naye ni skauti. Ana beji saba, zote za alasiri moja, na picha zake zimejaa kwenye simu. Nilipompa kiberiti, aliniuliza gesi iko wapi. Simlaumu. Leo mwalimu akimwandikia mtoto Bado, mzazi humpigia mkuu wa shule kabla jua halijatua, na beji hupatikana. Mimi nashukuru kwamba mama hakuwa na simu.