Mguu wa Breki

Baba yangu amefundisha udereva tangu sijazaliwa, na mguu wake wa kulia haujui likizo. Gari la shule lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na hiyo ya pili ameikanyaga mpaka soli ya kiatu cha kulia huisha kabla ya mwenzake. Mjini wanamwita Mwalimu Breki. Kusifu hajui. Mwanafunzi akiiva, Baba husinzia kwenye kiti cha abiria, basi. Ndiyo maana utasikia madereva watu wazima wakitambiana: "Kwangu alisinzia." "Kwangu alikoroma kabisa."

Ila kinyozi hajinyoi. Mama alifundishwa na Baba somo moja tu, lililoishia kwenye ua wa jirani na kununiana wiki nzima. Akaenda kujifunza kwingine, akapata leseni, akapiga nakala yake na kuitundika sebuleni palipokuwa na picha ya Baba. Lakini Baba hakuwahi kusinzia kwake, hata wakienda sokoni tu. Kwa hiyo Mama alipotangaza kwamba likizo hii tunakwenda baharini kwa gari letu, na dereva ni yeye, nilijua hatafuti upepo wa bahari. Anatafuta usingizi wa Baba.

"Mwalimu abaki nyumbani," akasema akifunga mkanda. "Humu nataka mume."

"Mimi ni mzigo tu," Baba akajibu. Hata getini hatujatoka, mguu ukakanyaga zulia.

Njia ilipanda kwenye milima ya volkano. Mawe meusi yalimiminika enzi hizo yakagandia pale pale, kama uji uliofurika sufuriani. Mvuke ulitoka ardhini kando ya barabara, na juu kabisa tulikuta shimo la mlima lenye ziwa la kijani ndani yake. Tulishuka tukapiga picha, tukala mayai ya kuchemsha huku majivu yakituingia viatuni. Nilifurahi mpaka nikaona haya kwa umri wangu. Baba alikuwa akikagua matairi.

Kwenye mteremko wa kona nyingi, mguu ulicheza ngoma. Mdomo aliubana, kwa kweli alijikaza kisabuni, lakini zulia lilipata taabu.

"Vipi, kuna kitu?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Mguu umekufa ganzi."

"Pole. Ganzi yako inajua kona zote."

Nilicheka mpaka karanga zikanipalia. Mama hakucheka. Nilimwona kwenye kioo, na nikajua imemuuma.

Akaendelea vile vile, bila papara: gia ya chini, mguu mwepesi, nafasi ya kutosha nyuma ya lori la mchanga, honi kidogo kabla ya kona. Mawe meusi yakapungua, nyasi zikarudi, joto likaingia na harufu ya chumvi. Mara kona ya mwisho ikafunguka, na bahari yote ikawa mbele yetu, ikitoa povu kwenye miamba myeusi ambayo moto wa mlima uliifikisha mpaka majini.

"Baba, ona bahari," nikasema.

Nikainama mbele nimtazame. Kichwa kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, na mguu wa kulia umelala ubavu juu ya zulia, kiatu kimemvuka.

Mama naye alimwona. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kimoja, kingine kikibaki kwenye usukani.

"Nimwamshe? Anakosa bahari."

"Mguse uone."

Tukaifikia hoteli yetu, geti wazi, mlinzi akitupungia mkono. Mama akampungia pia, akapita. Tukaifuata barabara ya pwani kwenda na kurudi, mimi na yeye tukibana vicheko, mpaka Baba alipoanza kukoroma. Hapo ndipo Mama alipowasha indiketa, akaingia getini.