Nilimkimbia Mkwe, Sungura Akafa

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana hapa kijijini nimeshaaibika vya kutosha. Kosa ni langu. Nimemuua sungura wa mume wangu, tena kwa mapenzi!

Mume wangu alipokwenda machimboni Makongolosi aliniachia sungura wake, Bwana Shauri. Tulimpa jina hilo la mkuu wa wilaya wa kikoloni kwa sababu ya kitambi, na kukaa kutwa akingoja kuletewa. "Mtunze," aliniambia, "nikirudi nimkute."

Nikamtunza kupita kiasi. Majani nikaona ni chakula cha dhiki. Nikamlisha ugali laini, ndizi mbivu na uji wa maziwa. Jamani, uji wa maziwa hata mimi mwenyewe nilikuwa siupati!

Ghafla akaanza kutafuna miti. Alitafuna mlango wa kibanda chake, akahamia kwenye kigoda changu cha harusi. Nikasema huyu sasa ana kiburi. Nikapaka pilipili kigodani na mlangoni. Akaacha. Nikajipongeza, mjinga mimi!

Baada ya wiki chache akawa anatafuna hewa. Anashika ndizi, inaanguka, mate yanamchuruzika kidevuni.

Sasa, baba mkwe wangu aliwahi kufuga sungura misheni. Lakini sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Nikimwona nafunika kichwa, natoka mbio. Mzee akasimama nyuma ya nyumba, akauambia mgomba kwa sauti:

"Wee mgomba! Mwambie mwenye sungura, meno yake inakua kila siku! Ampe majani ngumu na vijiti. Na amwache hapo kibandani, mimi nitakuja kukata hiyo meno!"

Nikakimbia, na sungura nimemkumbatia. Siku tatu mzee aliuambia mgomba, siku tatu nikakimbia. Watu wakanisifu, mkwe mwenye adabu! Adabu gani? Nilisikia kila neno. Sikutaka tu kufundishwa na mzee anayeongea na migomba.

Siku ya nne Bwana Shauri akafa kwa njaa, ndizi zimemzunguka. Nilimfungua mdomo, meno yamejikunja kama kucha za kuku. Nililia mpaka kamasi.

Mume wangu alirudi na kanga yangu, na kikengele cha shingo ya sungura. Hakunigombeza. Alikwenda kukifunga kwenye ule mgomba. "Labda mgomba ukisema sasa utausikia," akaniambia.

Upepo ukivuma kinalia, na roho inaniuma.

Wenzangu, mnyama akibadili kutafuna, mtazameni meno kabla ya kumlaumu tabia. Na ninyi mnaokimbia wakwe, kimbieni, ndiyo mila yetu. Lakini kimbieni polepole, mpaka mzee amalize kusema.